Chakula cha Fundi wa Mkataba katika Hesabu ya Kodi: Lipi Hukubaliwa Pasipo Risiti

Somo la toleo hili linahusu jambo dogo kwa sura lakini zito kwa mfuko, nalo ni chakula kinacholiwa kazini. Waashi, maseremala, mafundi bomba na wapaka rangi wa Unguja na Pemba wanaovuka bahari kwenda kufanya kazi Bara hurudi na swali lile lile: fedha niliyoitumia kwa chakula katika miezi mitatu niliyokuwa kazini, ambayo sina hata karatasi moja ya kuionesha, je, naweza kuitoa katika mapato yangu kabla ya kukadiriwa kodi?

Swali hilo limefunga pamoja mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. La kwanza ni nani aliyekula. La pili ni ushahidi gani uliobaki baada ya sahani kuoshwa. Watu wengi hulikimbilia hili la pili, wakadhani kwamba kilichowakosesha haki ni risiti, hali ya kuwa kilichowakosesha ni lile la kwanza.

Ili somo lisielee hewani, na tulishushe mahali panapojulikana. Mlimba ni mji ulio katika bonde la Mto Kilombero, mkoani Morogoro, kusini-magharibi ya Ifakara. Wengi huujua kwa ajili ya stesheni yake ya reli ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo kuanzia hapo Mlimba kupanda hadi Makambako ilipita katika sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote kwa madaraja na mahandaki yake. Wengine huujua kwa mpunga. Na wako wanaoujua kwa kazi za ujenzi, kwani skuli, zahanati na nyumba za walimu zimekuwa zikijengwa katika vijiji vya bonde hilo kwa utaratibu uitwao fosi akaunti, yaani Serikali hununua vifaa kupitia kamati za wananchi na kumlipa fundi wa kawaida ufundi wake peke yake, pasipo kampuni kubwa ya ukandarasi katikati. Kwa utaratibu kama huo ndivyo vyumba 15,000 vya madarasa vilivyojengwa Tanzania Bara kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 uliozinduliwa Oktoba 2021. Fundi wa namna hiyo si mwajiriwa wa halmashauri wala wa kamati. Ni mtu anayejitegemea, mwenye mkataba wake, na saidia fundi wake, na kodi yake.

Msomaji asiseme kwamba hayo ni mambo ya Bara. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1977, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huikusanya pande zote mbili. Sheria inayotumika ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Fundi wa Mwanakwerekwe aliyejenga Mlimba, na fundi wa Mlimba aliyejenga Fumba, wote husomewa ukurasa mmoja.

Sheria hiyo, katika kifungu cha 11, inasema kwa maana yake kwamba mtu huruhusiwa kutoa katika mapato ya biashara yake matumizi yale tu ambayo yamefanywa yote na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo pekee. Kisha inafunga mlango kwa matumizi ya mtu kwa nafsi yake, aila yake na nyumba yake. Chakula cha fundi mwenyewe kimo humo. Haidhuru amekila Mlimba stesheni au nyumbani kwake. Haidhuru ana risiti au hana. Risiti ya mashine yenye tarehe na saa haibadilishi wali na samaki wa mwashi kuwa gharama ya biashara, kama vile kuuweka msumari katika bahasha nzuri hakuugeuzi kuwa barua.

Wapo watakaoona kuwa jambo hili ni gumu na lisilo la haki, na hawakuwa wa kwanza. Uingereza, seremala mmoja aitwaye Caillebotte, aliyekuwa akijitegemea na kuchukua kazi ndogo ndogo kutoka kwa wakandarasi wakubwa, alilifikisha mahakamani na hukumu ikatolewa mwaka 1975. Hoja yake ilikuwa safi sana. Alisema: chakula cha mchana nyumbani kwangu hunigharimu peni 10, na nikiwa kazini mbali na nyumbani hunigharimu peni 40, basi zile peni 30 za ziada zimesababishwa na kazi, na ndizo ninazodai, sidai zaidi. Jaji Templeman alimkatalia. Alieleza kwamba mtu anayefanya kazi, kama mtu mwingine yeyote, hula apate kuishi, wala hali ili apate kufanya kazi. Chakula kile kilikuwa na makusudio mawili yasiyoweza kupasuliwa, na sheria ilitaka kusudio moja. Hukumu ya Uingereza haimfungi afisa wa kodi wa Ifakara. Lakini maneno ya sheria zetu yametoka katika ukoo mmoja, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, nayo inakataza matumizi ya mtu kwa kujitunza mwenyewe na aila yake. Mwenye kuijua kesi ya yule seremala hatapoteza nauli kwenda kubishana juu ya sahani yake mwenyewe.

Basi na tuliache hilo, kwani haki ya fundi imo katika sahani nyingine.

Fundi aliyepewa kazi ya kunyanyua madarasa mawili hafanyi peke yake. Ana saidia fundi wanne, watano au sita, wanaochanganya zege, wanaobeba matofali na kuchota maji. Desturi ya kazi hizo, Bara na Visiwani, ni kwamba ujira wa kutwa hutajwa pamoja na chakula cha mchana. Saidia fundi akiambiwa kuwa hakuna chakula ataongeza bei yake au ataondoka. Chakula hicho kwa fundi aliyewaajiri si matumizi ya nafsi yake. Ni sehemu ya gharama ya nguvukazi, sawa na ujira wenyewe, na kinafaa kutolewa katika mapato. Kadhalika, sheria haihesabu kuwa ni mapato ya mfanyakazi chakula kinachotolewa mahali pa kazi kwa wafanyakazi wote kwa masharti yaliyo sawa. Kwa hiyo ni vyema sahani ziwe sawa. Fundi anayempa mmoja kuku na wengine maharage anajitafutia maswali mawili, moja kutoka kwa afisa wa kodi na jingine, lililo kali zaidi, kutoka kwa wale wa maharage.

Hapa ndipo linapokuja lile jambo la pili, la ushahidi. Chakula cha saidia fundi wa Mlimba kinatoka kwa mama lishe. Mama huyo hupika chini ya mwembe au katika kibanda cha mabati karibu na mahali pa kazi: ugali, wali, maharage, kambale au perege wa mtoni. Hana mashine ya risiti za kielektroniki, na kwa mauzo yake madogo sheria haimlazimishi kuwa nayo. Kumdai risiti ya mashine ni kumdai asichonacho. Lakini kutokuwepo kwa risiti ya mashine hakuna maana ya kutokuwepo kwa ushahidi, na wala hakumpi fundi ruhusa ya kutaja tarakimu anayoipenda. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka kila mlipakodi kuweka kumbukumbu zinazotosha kueleza hesabu zake, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuzihifadhi kwa miaka 5. Haikusema kwamba kumbukumbu ni karatasi ya mashine tu.

Kinachomfaa fundi ni daftari. Si lazima liwe la kuvutia. Katika daftari hilo, kila siku ya kazi, yaandikwe tarehe, mahali pa kazi, majina ya waliokula, idadi ya sahani, bei ya sahani moja na jumla. Mwisho wa wiki fundi amlipe mama lishe jumla ya wiki nzima, na amwandikie hati ya malipo: jina lake, kibanda chake kilipo, namba yake ya simu, kiasi kilicholipwa kwa tarakimu na kwa maneno, na saini yake, au dole gumba kwa asiyejua kuandika, mbele ya shahidi mmoja. Ikiwa mama huyo anacho kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, namba yake iandikwe hapo. Vitambulisho hivyo vilianza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Na kwa kuwa namba hiyo humtambulisha muuzaji na ukubwa wa biashara yake, hueleza yenyewe kwa nini hakuna risiti ya mashine.

Malipo hayo ya wiki yafanywe kwa simu kila inapowezekana. Fedha taslimu haisemi ilikokwenda. Fedha iliyotumwa kwa simu inaacha jina la mpokeaji, kiasi, tarehe na saa, na mwenye simu anaweza kuomba taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu hata baada ya ujumbe wenyewe kufutika. Lakini ujumbe wa simu peke yake unathibitisha tu kwamba fedha ilitoka. Hausemi kwamba ililipia sahani 30 za saidia fundi na si deni la kanga. Daftari ndilo linalosema hivyo, na viwili hivi vikishikana huwa vigumu kukanushwa.

Kuna ushahidi mwingine ambao mafundi wengi wanao pasipo kujua. Mama lishe mwenye wateja wa kulipa kwa wiki huwa naye ana daftari lake, lile la mikopo, ambamo huchora mstari kwa kila sahani iliyotoka. Daftari hilo halikuandikwa kwa ajili ya kodi ya fundi. Limeandikwa ili mama asidhulumiwe, na kwa sababu hiyo hasa ndilo lenye kuaminika. Fundi akipiga picha ukurasa wake kila Jumamosi anapolipa, atakuwa na vitabu viwili vya watu wawili wenye maslahi yanayopingana, vyenye hesabu moja. Kwa maoni ya mwandishi wa somo hili, ushahidi huo unaishinda kwa mbali ile risiti ya kuandikwa kwa mkono iliyonunuliwa dukani kitabu kizima na kujazwa siku moja.

Maafisa wa kodi wameona madaftari mengi. Daftari lililoandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja hutambulikana. Hutambulikana pia lile linaloonesha sahani sita siku ya Jumapili wakati orodha ya ujira inaonesha kwamba Jumapili hakuna aliyelipwa. Na katika bonde la Kilombero kuna kipimo kingine: masika. Kati ya Machi na Mei mvua hunyesha, mito hujaa na tope hutawala njia, na kazi ya ujenzi husimama siku kadhaa au wiki. Fundi aliyeandika sahani zile zile, siku zile zile, kana kwamba mvua haikunyesha Mlimba mwaka huo, ameliharibu daftari lake lote, hata zile kurasa za kweli. Daftari la kweli lina mapengo. Lina siku ya sahani sita na siku ya sahani tatu kwa sababu watatu walikwenda kuvuna mpunga wao. Kwa hiyo mapengo yaachwe yalivyo, na pembeni yaandikwe maneno machache: mvua, msiba, saruji imechelewa.

Jambo moja lizingatiwe sana. Katika vijiji vingi wananchi huchangia ujenzi wa skuli yao kwa nguvu zao, na mara nyingine akina mama wa kijiji ndio wanaopika, na kamati ndiyo inayotoa unga na maharage. Siku hizo fundi hakutumia kitu, na hana cha kuandika. Kamati nayo huwa na kumbukumbu zake za michango, na kumbukumbu hizo zinaweza kuwekwa mezani siku moja kando ya daftari la fundi.

Aidha, utaratibu huu wa daftari na saini ni wa pale tu ambapo muuzaji halazimiki kutoa risiti ya mashine. Fundi anayeamua kupikisha mwenyewe mahali pa kazi, akanunua gunia la mchele, kiroba cha sembe na ndoo ya mafuta katika duka kubwa la Ifakara, hawezi kuja na karatasi yenye dole gumba. Muuzaji huyo ana wajibu wa kutoa risiti ya kielektroniki, na mnunuzi ana wajibu wa kuidai na kuitunza. Karatasi za mashine hizo hufifia upesi kwa joto. Zipigwe picha siku ile ile.

Sasa tutazame yote haya yana thamani gani. Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi amepokea katika mwaka mmoja shilingi 17,000,000 za ufundi. Amefanya kazi siku 120 akiwa na saidia fundi 6, kila mmoja kwa shilingi 10,000 kwa siku. Ujira wao jumla ni shilingi 7,200,000. Kusafirisha zana, kukodi mashine ya zege na mengineyo yenye risiti ni shilingi 1,360,000. Chakula cha saidia fundi 6 kwa siku 120, sahani moja shilingi 2,000, ni shilingi 1,440,000. Chakula chake mwenyewe kwa siku hizo ni shilingi 240,000.

Akiwa ameweka kumbukumbu za ujira na za usafiri lakini hana kumbukumbu ya chakula, faida yake kwa kodi itahesabiwa kuwa shilingi 8,440,000. Kwa viwango vya watu binafsi vinavyotumika Bara tangu Julai 2021, kodi yake ni shilingi 240,000 na asilimia 20 ya kiasi kinachozidi 6,240,000, yaani jumla ya shilingi 680,000. Akiwa na daftari la chakula cha saidia fundi, faida inashuka hadi shilingi 7,000,000 na kodi inakuwa shilingi 392,000. Tofauti ni shilingi 288,000, kwa daftari la shilingi elfu moja au mbili. Zile shilingi 240,000 za chakula chake mwenyewe hazikuguswa katika hesabu zote mbili. Na hata kama zingekubaliwa, zingempunguzia shilingi 48,000 tu. Msomaji aone mwenyewe ni sahani zipi zinazostahili kupiganiwa.

Na fundi asiye na karatasi yoyote, hata orodha ya ujira? Afisa akiyachukua mapokezi yote ya shilingi 17,000,000 kuwa ndiyo faida, kodi inafika shilingi 3,036,000. Afisa hana budi kukadiria kwa busara yake, na huenda asifike huko. Lakini tangu hapo fundi anategemea busara ya mtu mwingine badala ya maandishi yake. (Msomaji anayewasilisha ritani yake hapa Zanzibar aulize jedwali la viwango la upande wetu, na wote wakumbuke kwamba Sheria ya Fedha ya kila mwaka inaweza kuvibadilisha viwango ifikapo Julai.)

Kuna jambo linaloshikamana na hili ambalo huwapotezea mafundi fedha nyingi kuliko chakula. Taasisi inapomlipa fundi ada ya huduma humkata kodi ya zuio ya asilimia 5. Katika mfano wetu, ikiwa malipo yote yalikatwa, ni shilingi 850,000 zilizokwishafika Mamlaka kwa jina lake. Makato hayo si kodi ya mwisho kwake. Ni malipo ya mbele. Kodi yake halisi ni shilingi 392,000, kwa hiyo ana salio la shilingi 458,000 ambalo anastahili kuhesabiwa au kuomba kurejeshewa. Lakini hatalipata bila hati ya kodi ya zuio kutoka kwa aliyemkata, wala bila ya kuwasilisha ritani, wala bila ya hesabu zinazoonesha gharama zake, na miongoni mwa gharama hizo ni zile sahani za ugali. Fundi anayesema kwamba kukatwa asilimia 5 kumemmalizia kazi ya kodi huenda ameiachia Serikali fedha ambayo Serikali haikuidai.

Wenye biashara ndogo wako katika utaratibu tofauti, ambamo kodi hutozwa juu ya mauzo na si juu ya faida. Mwaka 2019 kikomo cha utaratibu huo kilipandishwa kutoka mauzo ya shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka. Aliye humo hana haja ya kubishana kuhusu chakula cha mtu yeyote, kwani gharama haitolewi kabisa; kumbukumbu anayotakiwa kuwa nayo ni ya mauzo. Mama lishe wetu yumo humo, au yuko chini yake kabisa. Fundi asidhani kwamba naye yumo kwa kuwa tu mapato yake ni madogo: huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi, za ujenzi na za mafunzo zimewekwa nje ya utaratibu huo. Anapochukua namba yake ya utambulisho wa mlipakodi (TIN), aulize na aandikiwe yumo kundi lipi.

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika kazi hizi ni haya: mhandisi wa halmashauri anakuja kukagua, analala usiku mmoja, anapokea posho ya kujikimu, na hakuna anayemdai risiti ya chakula. Kwa nini mimi niliyelala hapo siku 90 nidaiwe? Jibu ni kwamba mhandisi ni mwajiriwa. Posho yake ni kiwango kilichopangwa na mwajiri, na mwajiri ndiye anayebeba kumbukumbu: kibali cha safari, idadi ya siku, hati ya malipo. Fundi anayejitegemea hana mwajiri wa kumpangia kiwango, na sheria yetu haikumwekea kiwango cha jumla anachoweza kujitolea mwenyewe. Nchi nyingine zimefanya hivyo. Marekani mtu anayejitegemea anaposafiri kikazi mbali na makazi yake anaweza kutumia kiwango cha chakula kwa siku kilichopangwa na serikali badala ya kukusanya risiti, ingawa kwa kawaida hukubaliwa nusu yake tu. Na hata huko lazima athibitishe tarehe, mahali na sababu ya safari. Daftari halikwepeki, hata ng'ambo ya bahari.

Dawa ya fundi wetu iko katika mkataba, kabla ya kazi kuanza. Anayejua kwamba chakula na malazi yake kwa miezi mitatu Mlimba vitamgharimu kiasi fulani, na kwamba kiasi hicho hakitatolewa katika kodi, akiingize katika bei ya ufundi wakati wa kupatana na kamati. Itakuwa sehemu ya mapato yake na itatozwa kodi, naye ajue hivyo tangu mwanzo na apige hesabu na hiyo kodi ndani yake. Vinginevyo, aombe kamati impe nyumba ya kulala na chakula, jambo ambalo vijiji vingi huliweza kwa urahisi kuliko fedha. Kinachoumiza ni kupatana bei kana kwamba mtu hali, kisha kutaraji kulipwa sahani hizo na Mamlaka mwisho wa mwaka. Chakula cha saidia fundi nacho kiandikwe katika makubaliano yao, hata kama ni nusu ukurasa: ujira kiasi fulani kwa siku pamoja na mlo mmoja wa mchana. Karatasi hiyo ndiyo inayoonesha kwamba mlo ule ulikuwa sharti la kazi na si ukarimu wa fundi.

Mwaka wa mapato kwa mtu binafsi ni Januari hadi Disemba. Makadirio ya awali huwasilishwa kufikia mwisho wa Machi, na kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba. Ritani ya mwisho huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Juni. Asiyeridhika na tathmini ya afisa ana siku 30 tangu kuipokea kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, akitaja sababu, na alipe theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kile kiasi asichobishana nacho, kilicho kikubwa kati ya viwili. Madaftari ya chakula, orodha za ujira zenye saini, picha za daftari la mama lishe, taarifa za miamala ya simu na hati za kodi ya zuio viambatanishwe kwa nakala. Asili zake abaki nazo fundi mwenyewe, na azitunze kwa miaka 5 mahali pasipofikiwa na maji ya masika wala mchwa.